Uchochoro Wetu Haukuwa Mezani

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kuchomelea mageti, na kwa kuwa hana mazungumzo mengine zaidi ya hayo, watu walimpa jina la Geti naye akaliitikia. Ukimwuliza njia hatakuambia pinda kulia au kushoto. Atakuambia pita geti lenye simba wawili, ukiona lile la kijani lenye mishale ujue umeshapitiliza. Hata dada alimpata kwa njia hiyohiyo, alikuja kutengeneza geti letu ambalo halikuwa bovu, akalitengeneza mwezi mzima. Mimi humtania kwamba akifa tutamzika na kufuli. Hunijibu kwamba mimi nitazikwa na kitana, maana nasuka watu nywele barazani kwake miaka yote hii na sijawahi kushika ufagio.

Alihamia huku pembezoni mwa jiji wakati bado ni mashamba na vichaka. Kiwanja chake kilikuwa kimesawazishwa vizuri, hakina mti wala kisiki, akaona kapata bwerere. Alianza na chumba kimoja na choo, akaongeza sebule, akaongeza jiko, mwisho akaviunganisha vyote kwa korido ndefu inayopinda kidogo katikati, kwa sababu siku ya kujenga ukuta ule aligombana na mwashi na kila mmoja alikuwa anavuta uzi upande wake. Majirani walijenga vivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka ukawa uchochoro.

Uchochoro wetu umelala katikati ya mteremko. Juu yetu panaitwa Juu, kwenye nyumba za vigae na nyua zilizosakafiwa hadi ukutani. Chini yetu panaitwa Chini, kwa wafyatua matofali na wakulima wa mboga. Sisi hatuna jina. Juu walituhesabu kuwa wa Chini, Chini wakatuhesabu kuwa wa Juu, na sisi hatukujali, maana bomba lilikuwa likitoa maji na umeme ulikuwa ukikatika kama kwa watu wengine.

Mama yetu, mimi na dada, alizaliwa kwenye mteremko huuhuu enzi za mashamba, kisha akaolewa mbali. Akili ilipoanza kumtoka tukamleta akae kwa Geti, chumba cha mwisho wa korido. Hakuwa msumbufu. Alikuwa na jambo moja tu. Kila akitoka chumbani kwenda jikoni, akifika pale korido inapopinda, alikamata nguo yake akaipandisha hadi magotini, akapapasa sakafu kwa kidole cha mguu, kisha akapita kwa hatua fupifupi, mkono mmoja hewani, kama mtu anayevuka maji asiyoyaamini. Upande wa pili aliishusha nguo na kukung'uta miguu. Siku za mwanzo tulicheka mpaka tukashika mbavu. Geti alimwuliza kama leo kina ni kirefu, naye akamjibu kwa upole kwamba si sana.

Kicheko kilinikauka siku niliyomwona Geti mwenyewe akitoka jikoni na sahani yake, anaongea na simu, na alipofika pale akarefusha hatua. Hakujua amefanya. Nikaanza kuwaangalia watu. Wateja wangu wakiingia kuosha nywele, dada akibeba ndoo, msoma mita akienda kwenye mita yake, wote walirefusha hatua palepale, mahali pasipo kizingiti wala ufa. Kisha nikajikamata na mimi nafanya. Tangu hapo nikawa napita korido ile nikiwa nimeshika ukuta.

Halafu kuku. Nyuma ya nyumba kuna kona ya ua isiyo na chochote, na kuku wa dada walikuwa wakienda pale mchana wa jua kali, wanainamisha vichwa, wanainua shingo na kumeza. Nilikwenda nikapapasa kwa mkono. Ardhi ilikuwa kavu.

Kamati ya Bonde ilizaliwa kwa ugomvi. Juu walikuwa wamejenga bila mpangilio, kila ua umesakafiwa, kila paa linamwaga barabarani, na mvua ikinyesha maji yalishuka na tope lake hadi kwenye matofali mabichi ya Chini na kuyageuza uji. Chini wakashitaki. Juu wakasema mvua haikuagizwa na mtu. Barabara ya pamoja ikakatika wakati wanabishana. Ofisi ya maji ilikwisha kuchora mipango mara nyingi ikachanwa mbele ya macho yake, kwa hiyo safari hii ilisema haichori kitu, wenye bonde wakae wenyewe walipange bonde lao. Ikamleta mwanamke mmoja mtaratibu, mtaalamu wa ramani, tukamwita Bi Ramani. Kila mtaa ukatoa mwakilishi. Uchochoro wetu ukamtoa Geti, kwa sababu ana sauti na hana haya.

Bi Ramani hakuja na ramani. Alikuja na maboksi, gundi na magazeti ya zamani, akasema tutalijenga bonde lenyewe, dogo, la kuwekwa mezani, na maji tutayamwaga kwa kopo tuone yanakwenda wapi kabla hatujachimba popote. Watu wa Juu wangejenga upande wanaoujua, watu wa Chini upande wao, kila kundi kwenye darasa lake pale shuleni ili wasianze kurushiana maneno, na kila kundi lingeishia pale ambapo watu wake huona kwao kunaishia. Kisha vipande viwili vingeunganishwa. Ilihitajika meza ya chuma ya kubeba uzito ule. Wote wakamgeukia Geti, na Geti ukimsifu kidogo tu umemmaliza.

Basi wakati wenzake wanakata maboksi, mwakilishi wetu alikuwa uani anakata vyuma. Alipima kipande cha Juu, akapima kipande cha Chini, akajumlisha, akaunda meza isiyotikisika hata ukiipanda. Juu walidhani uchochoro wetu unajengwa na Chini. Chini walidhani umeshajengwa na Juu. Na mtu pekee aliyetakiwa kuuliza alikuwa anapaka rangi miguu ya meza.

Siku ya kuunganisha nilikwenda, ilikuwa sherehe hasa, na soda zake. Vipande vilisukumwa kila kimoja upande wake, vikakutana katikati ya meza bila kuacha nafasi ya kupitisha ukucha. Kila palipotokeza huku palikuwa pamebonyea kule. Ilhali waliovijenga hawakuwahi kuketi chumba kimoja! Watu wakapiga makofi. Bi Ramani akamwaga kopo la maji Juu, maji yakateremka, yakakusanyika, yakaingia kwenye ule mshono na kuufuata wote mpaka Chini bila kugusa paa hata moja. Makofi yakazidi. Palepale ikakubaliwa kwamba mfereji mkubwa ufuate mshono huo. Mwenyekiti wa Juu, mstaafu mmoja tuliyemwita Vigae kwa ajili ya paa lake, alisema tangu azaliwe hajaona mpango usiomuumiza mtu.

Geti alikuwa ameshika soda. Nilimwona ameinama, anatafuta. Alianzia kwenye nyumba ya simba wawili, akashuka kwa kidole hadi nyumba ya mwisho ya Juu, kidole kikavuka mshono, kikaangukia nyumba ya kwanza ya Chini. Akarudia. Akarudia tena, taratibu zaidi.

"Sisi tuko wapi?" aliuliza.

Watu wakainama kumsaidia, kila mtu na kidole chake, na kila kidole kikaishia mshononi. Mama mmoja wa Juu, ambaye huja kusukwa kwangu kila mwezi, alinitazama, akaitazama meza, akaniambia samahani, hakumbuki tunakaa upande gani. Nilikuwa nimemsuka juzi yake.

Bi Ramani ndiye aliyeelewa kwanza, na uso ulimbadilika. Alisema wazee wa makundi yote mawili walijenga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu zao zilisimama ukingoni, Juu ukingo wa huku, Chini ukingo wa kule. Geti akauliza ukingo wa nini. Wa kijito, alisema, kilichofukiwa kwa kifusi kabla viwanja vya uchochoro havijauzwa. Aliahidi kwamba tutaongezwa. Vigae akauliza, kwa adabu kabisa, tutaongezwa wapi, maana meza imejaa.

Na hapo ndipo tuliposhikwa pabaya. Tangu kabla ya kamati Juu walikuwa wamekwisha kuchimba mfereji wao hadi karibu na kona yetu, umezibwa kwa ukuta wa mchanga tu, na makubaliano ya siku ile yalikuwa ukuta ule uondolewe mvua za kwanza zikianza. Maji ya mapaa yote ya Juu yangeingia kwenye mshono. Mshono ulikuwa korido yetu, na mwisho wa korido alilala mama.

Baada ya siku ile tulianza kupungua machoni pa watu. Sina namna nyingine ya kulisema. Gari la taka lilipita bila kusimama. Msoma mita hakuja, tukafurahi. Mwezi uliofuata hakuja tena, hatukufurahi. Kisha adhuhuri moja, jua la utosi, mteja wa zamani wa Geti alikuja kuchukua dirisha lake. Alisimama mwanzoni mwa uchochoro akampigia simu. Geti alikuwa barazani karibu yangu, akamwona, akampungia mkono. Yule mtu alikuwa anatutazama usoni kabisa.

"Fundi, nimefika, lakini uchochoro siuoni," simu ilisema. "Naona ukuta wa Juu, halafu naona Chini."

"Niko hapa nakupungia."

"Sikuoni, fundi."

Geti akamfuata, akamshika mkono, ndipo yule mtu akashtuka na kucheka sana, kicheko cha kujitetea. Alilichukua dirisha akaondoka haraka bila hata kuuliza habari za nyumbani. Dada alianza kufunga milango mchana.

Kumbe Geti ana hasira za taratibu. Alikata mabati akatengeneza nyumba zetu zote, ndogo za kuenea kiganjani, kila moja na geti lake na rangi yake, akaenda kuzipanga juu ya mshono. Zilikaa kwa kuinama. Mtu akiegemea meza, zilidondoka. Aliziokota mara kadhaa, akizipangusa vumbi, kisha akatoka nje akarudi na grenda ya kukatia vyuma. Vigae akasimama mbele yake na kumkumbusha kwamba hiyo ni mali ya kamati.

"Ni meza yangu," Geti alisema. "Niliikosea kipimo."

Akaikata katikati, cheche zikirukia magazeti, watu wakizikanyaga. Akaunganisha vyuma virefu zaidi, na vipande viwili vilivyokuwa vimekumbatiana vikaachana. Likabaki pengo katikati, na hewa iliyopanda kutoka pale ilikuwa ya baridi. Wengine watasema natia chumvi. Bi Ramani alikuwa upande wa pili wa meza, na nilimwona akijifunika mtandio mabegani saa ile ya joto.

Maboksi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo watu wa uchochoro walikuja na udongo wa nyua zao, kila nyumba na ndoo yake. Bi Ramani aliwaomba wasijipendelee. Kila mtu akajenga pake, akiinamisha sakafu yake inavyoinama kweli. Maji ya kufulia ya nani hukimbilia wapi, mlango wa nani hukwama, ukuta wa nani una mstari wa ukungu. Tukagundua mstari ule uko kwenye kila nyumba, usawa mmoja, na kila familia ilikuwa imeuficha kwa kabati au pazia ikidhani ni aibu yake peke yake. Tulipomaliza hakuna aliyehitaji kopo. Kwa mikono yetu wenyewe tulikuwa tumefinyanga kijito, na nyumba zetu tumezisimamisha ndani yake.

Udongo ule haukukauka. Geti alikwenda kila mchana kuubonyeza kwa kidole na kidole kilirudi kimelowa. Mwakilishi wa Chini, mfyatua matofali, alisema si kitu, udongo wa kifusi ni mvivu tu. Alichukua bonge letu akaliweka juani pembeni ya tofali lake bichi. Tofali likakauka. Bonge likabaki linang'aa, na pale lilipokaa pakawa na kidimbwi kidogo. Mfyatua matofali alilirudisha mezani kwa koleo, hakutaka kulishika.

Kesho yake Geti hakufungua karakana. Alichukua tindo na nyundo, akapiga magoti kwenye korido, pale inapopinda, akaanza kuvunja sakafu aliyoimwaga mwenyewe. Dada alimwuliza kama amerukwa na akili, yeye akaendelea kugonga. Mimi nilisimama mlango wa jikoni na kitana mkononi, nimemwacha mteja barazani nusu kichwa. Chini ya saruji palikuwa na kifusi, na chini ya kifusi hapakuwa na udongo bali kokoto za mviringo, laini, zilizooshwa zikaoshwa tena. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatulia.

"Yanatembea," alisema. "Hayajaacha kutembea."

Mama alikuwa amefika na hatukumsikia. Nguo ilikuwa imeshapanda magotini. Alimtazama mkwewe pale chini kwa huruma nyingi.

"Umechelewa, mwanangu," alimwambia. "Wenzako wameshavuka."

Akapita pembeni ya shimo kwa hatua zake fupifupi, akaingia jikoni akaomba chai. Geti akazirudisha kokoto mahali pake, akafunika, na siku ile hakula. Dada alilia waziwazi. Mimi niliogopa, na nilichoogopa si mizimu. Niliogopa kwamba katika nyumba ile nzima mwenye akili timamu alikuwa mama peke yake.

Mkutano wa mwisho uliitwa wingu la kwanza lilipoonekana. Juu walitaka maji yamwagwe tena, kuhakikisha mfereji utapita, na Vigae, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, alipendekeza nyumba zetu za bati ziondolewe kwanza zisije zikaharibika rangi. Kopo lilikuwa mkononi mwake, limejaa. Tulitegemea Geti awake moto, ndiyo kazi tuliyomtuma. Hakuwaka.

"Tutahama," alisema. "Nimeutia mkono huo mto, uko hai, sina la kubishana nao. Tupeni pa kwenda na muda wa kwenda. Lakini nyumba hizo haziondoki mezani. Mkitaka kumwaga, mwageni zikiwepo, maana ndivyo mtakavyofanya mvua ikinyesha."

Nyuma yake uchochoro mzima ulinguruma. Hakuna aliyemruhusu kusema tutahama, na wapo ambao hadi leo hawajamsamehe. Hakugeuka. Alinyoosha kidole kwenye kinyumba cha bluu, akasema hiki ni changu, na chumba hiki cha mwisho ni cha mama mkwe.

Vigae aliinua kopo hadi juu ya mfereji wake. Watu wote walikuwa wamekikodolea macho kile kinyumba, na udongo chini yake ulikuwa unang'aa ingawa hakuna aliyekuwa amemwaga tone.

"Yupo nyumbani sasa hivi?" Vigae aliuliza. Hakuwa anatania.

"Yupo," Geti alisema. "Amelala."

Vigae alisimama hivyo mpaka mkono ukamchoka, kisha akasema yeye hawezi. Akampa Bi Ramani kopo, Bi Ramani akatikisa kichwa. Likapita kwa mfyatua matofali, likapita kwa yule mama ninayemsuka, kila aliyelipokea alikitazama kinyumba cha bluu na kumpa wa pili yake, mpaka likarudi mezani limejaa vilevile. Ndipo ikaitishwa kura. Juu wavunje sakafu za nyua zao, wachimbe mashimo ya kushikilia maji yao hukohuko, na ukuta wa mchanga usiguswe mpaka nyumba ya mwisho ya uchochoro iwe tupu.

Mikono ilipoanza kunyooshwa mimi nilikuwa nimeshatoka. Nilikimbia mteremko wote, kandambili moja ikabaki njiani, nikaingia ndani bila kubisha. Mama alikuwa amelala ubavu, mzima. Nilipapasa nguo yake, nikapapasa shuka, nikapapasa godoro lote hadi chini ya miguu yake. Palikuwa pakavu. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti mpaka akaamka akaniuliza nani amekufa.

Nikamwambia hakuna, mama. Hakuna aliyekufa.